Unyafuzi na Tiba Yake: Accra, Mulago, Biafra, Maradi

Utapiamlo mkali humpata mtoto kwa sura mbili. Ya kwanza ni ukondefu: nyama za mapaja na makalio huisha, ngozi ikalegea, mbavu zikahesabika na uso ukazeeka kabla ya wakati wake. Ya pili ni unyafuzi, ambao Watanzania wengi huuita kwashakoo, nao hudanganya macho. Miguu na mashavu huvimba, nywele hupauka na kuwa nyekundunyekundu, ngozi hubambuka, na mtoto hununa kutwa nzima, hataki kuguswa wala kula. Asiyejua anaweza kumtazama akadhani amenenepa. Kipimo chake hakitaki mashine. Mhudumu hubonyeza sehemu ya juu ya nyayo za miguu yote miwili kwa vidole gumba, akahesabu sekunde tatu, kisha akaachia. Vishimo vikibaki kwenye miguu yote miwili, mtoto yuko hatarini hata kama mizani inaonyesha uzito wa kuridhisha.

Watoto wa namna hii wamekuwapo tangu zamani, lakini tiba inayowaponya walio wengi haijatimiza miaka arobaini, na ile inayoweza kutolewa nyumbani ni changa zaidi. Sehemu kubwa ya tiba hiyo ilipatikana Afrika, wodini, kambini na vijijini, mara nyingi katikati ya vita au njaa. Ukiifuatilia kwa makini, utaona madaktari wakikubali polepole, na wakati mwingine kwa shingo upande, kwamba mgonjwa huyu haponi mikononi mwao peke yao.

Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyesomea Oxford, alifika Gold Coast, yaani Ghana ya leo, mwaka 1929 akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Katika hospitali ya watoto ya Accra aliwakuta watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne wakivimba na kufa, wengi wao wakiwa wameachishwa ziwa karibuni na kulishwa uji mtupu wa mahindi. Wataalamu wa siku zile waliuita ugonjwa huo pelagra, maradhi mengine ya lishe. Williams alifanya jambo ambalo wakubwa wake hawakulizoea: aliwauliza wanawake. Wakamwambia, kwa lugha yao ya Kiga, kwamba ni maradhi yanayomshika mtoto anapopokonywa nafasi yake na mdogo wake anayekuja. Mwaka 1933 aliandika makala ya kuueleza ugonjwa huo na kuuhusisha na chakula cha mahindi, na mwaka 1935, katika jarida la Lancet, akautaja kwa jina la Kiga lenyewe, kwashiorkor.

Hakusikilizwa mara moja. Hugh Stannus, aliyekuwa bingwa wa pelagra London, alishikilia kwamba hakuna kipya hapo, na neno la daktari mwanamke kutoka koloni halikuwa na uzito mbele ya lake. Mwaka 1936 Williams alihamishiwa Malaya. Huko, mwaka 1939, alisimama mbele ya wafanyabiashara wa Singapore na kuwaambia waziwazi kwamba kuwashawishi akina mama waache kunyonyesha na watumie maziwa matamu ya kopo ni kuua watoto. Kampeni ya dunia nzima ya kususia wauzaji wa maziwa ya namna hiyo ilikuja karibu miaka arobaini baadaye.

Maelezo ya wanawake wa Accra yanakaribiana na yale ya Afrika Mashariki, ila huku kuna jambo lililozidi. Sehemu nyingi za Tanzania mtoto mdogo anayedhoofika husemwa kuwa amebemendwa, yaani wazazi wamevunja mwiko wa kukutana kimwili wakati bado ananyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Pwani ya Kenya, Wamijikenda wana chirwa, ambayo maana yake si mbali na hiyo. Kuna ukweli ndani ya fikra hizo, kwa kuwa mimba inayofuata upesi humwondolea mtoto ziwa. Lakini mwiko uliovunjwa huleta aibu, na aibu humfanya mama amfiche mtoto mpaka hali imekuwa mbaya. Madaktari wa kikoloni waliyadharau mambo ya miko, ila nao walikuwa na lawama yao: ujinga wa mama. Kwa mwanamke aliyeketi kwenye benchi la hospitali na mtoto aliyevimba mapajani, lawama hizo mbili hazikutofautiana sana.

Kitovu cha utafiti kilihamia Kampala. Hugh Trowell, daktari aliyeanzia kazi Kenya mwaka 1929 na kuingia Uganda mwaka 1935, aliwakuta watoto hao hao katika hospitali ya Mulago. Pamoja na mtaalamu wa patholojia Jack Davies alifuatilia kilichoharibika ndani ya mwili: ini lililojaa mafuta, na kongosho lililosinyaa hata likashindwa kutoa vimeng'enya vya kusagia chakula. Mapema miaka ya 1950 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilianzisha hapo Mulago kituo maalumu cha utapiamlo wa watoto wachanga, kikiongozwa na Rex Dean, aliyekuwa amechunguza njaa ya Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili. Kitabu cha Trowell, Davies na Dean kuhusu kwashiorkor kilichotoka mwaka 1954 kilikuwa rejea ya dunia kwa miaka mingi.

Maarifa hayo yalipatikana kwa damu, na hili si fumbo. Ili kujua hali ya mtoto ilibidi atolewe damu mara kwa mara, na wengi walioletwa walikuwa mahututi tayari, wakafa siku chache baada ya sindano. Miaka hiyo Afrika Mashariki ilikuwa imejaa uvumi wa mumiani pwani na wa wazimamoto Nairobi na Kampala, watu waliosemwa hukamata raia usiku na kuwanyonya damu kwa ajili ya Wazungu. Familia zilizoona mtoto akichomwa sindano, akitolewa damu, kisha akafa, hazikuhitaji kuongezewa ushahidi. Waliojaribu kuueleza woga huo kama ushirikina walisahau kwamba ulitokana na kuona.

Tiba ya Mulago ilikuwa maziwa, na maziwa yalifanya kazi. Watoto waliokuwa wakifa wodini walianza kupona kwa mchanganyiko wa maziwa ya unga, sukari na mafuta. Kutokana na mafanikio hayo likazuka kosa kubwa la karne. Mwaka 1950 J. F. Brock wa Cape Town na M. Autret wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walizunguka nchi kadhaa za Afrika, na ripoti yao ya mwaka 1952 ikauweka unyafuzi mbele ya magonjwa yote ya lishe barani. Kisababishi, kwa mujibu wa fikra ya wakati ule, kilikuwa upungufu wa protini. Umoja wa Mataifa ukaunda kundi la ushauri wa protini. Maabara zikatafuta protini katika samaki, soya, mbegu za pamba na hata kuvu. Ilitokea kwamba Marekani na Ulaya zilikuwa na akiba kubwa isiyo na mnunuzi ya maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, nayo ikamiminwa kwenye zahanati za Afrika na Asia kama dawa ya upungufu huo. Mafuta yalipoondolewa, vitamini A iliondoka nayo, jambo la hatari kwa macho ya mtoto mwenye njaa, na baadaye ikabidi vitamini hiyo irudishwe kiwandani. Mwaka 1974 mtaalamu wa lishe Donald McLaren aliandika katika Lancet kwamba habari yote ya pengo la protini duniani ilikuwa fedheha ya kisayansi. Alisema kwa ukali, lakini hakukosea: mtoto aliyekosa chakula cha kutosha amekosa karibu kila kitu, na kumjaza protini peke yake hakumsaidii.

Mulago yenyewe ilikuwa imeanza kushuku mapema zaidi. Watoto waliotoka wodini wakiwa wazima walirudi miezi michache baadaye wakiwa wamevimba tena, wengine wadogo zao wakaletwa na hali ile ile. Wazazi walikuwa wamejifunza kwamba dawa ya unyafuzi ni unga mweupe wa hospitali, kitu ambacho hawakuwa na uwezo wa kukinunua. Katikati ya miaka ya 1960 kilifunguliwa hapo kituo cha Mwanamugimu, chini ya msukumo wa madaktari wa watoto wa Makerere, na utaratibu ukapinduliwa. Mama alilala kituoni na mwanawe, akapika mwenyewe, kwa sufuria na vyakula vya aina ile ile aliyonayo nyumbani. Chakula kilichofundishwa, kitobero, kilikuwa mchanganyiko wa ndizi au viazi pamoja na maharage, karanga, samaki au maziwa, vikapikwa pamoja na kupondwa hadi vikalainika. Mtoto alipona mbele ya macho ya mama yake kwa mkono wa mama yake. Karanga na maziwa katika chungu kimoja: wazo hilo litarudi kutoka Normandy, Ufaransa, miaka thelathini baadaye, likiwa ndani ya paketi.

Kisha vita vikaingia. Mei 30, 1967 jimbo la mashariki la Nigeria lilijitangaza kuwa nchi ya Biafra, na Julai mapigano yakaanza. Serikali ya shirikisho ilizuia bandari na barabara. Biafra ilizoea kupata nyama, samaki na maharage kutoka nje ya mipaka yake, na ndani ilikuwa na mihogo na magimbi, vyakula vya kushibisha tumbo lakini haba kwa mtoto anayekua. Kufikia katikati ya mwaka 1968 unyafuzi, ambao hadi hapo ulikuwa ugonjwa wa mtoto mmojammoja katika familia zisizo na bahati, ulikuwa umeenea vijiji kwa vijiji. Tanzania ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 13, 1968, na Mwalimu Nyerere alitoa hoja kwamba umoja hauwezi kujengwa juu ya mauaji ya wale wanaotakiwa kuungana.

Misaada ilipita angani usiku. Ndege za makanisa ziliruka kutoka kisiwa cha São Tomé, kilichokuwa bado koloni la Ureno, zikatua Uli, ndani ya Biafra, ambapo kipande cha barabara kilikuwa kimepanuliwa kuwa uwanja. Taa za uwanja ziliwashwa kwa muda mfupi tu ndege ilipokuwa inashuka, kwa hofu ya mabomu. Ushirika wa makanisa peke yake ulifanya safari zaidi ya 5,000. Mizigo ilikuwa maziwa ya unga, chumvi, dawa, na samaki wakavu wa Norway ambao Waigbo, wenyeji wa Biafra, walikuwa wakiwapenda tangu kabla ya vita. Maelfu ya watoto walipelekwa Gabon, Côte d'Ivoire na São Tomé kutibiwa. Juni 1969 ndege ya Msalaba Mwekundu ilitunguliwa, na safari za shirika hilo zikasimama. Biafra ilisalimu amri Januari 1970. Makadirio ya waliokufa yanaanzia nusu milioni na kufika milioni tatu, wengi wao kwa njaa na maradhi, si kwa risasi.

Vita hivyo vilizaa mambo mawili yaliyodumu. La kwanza linajulikana zaidi. Madaktari Wafaransa waliofanya kazi Biafra chini ya Msalaba Mwekundu, Bernard Kouchner akiwa mmojawao, walichoshwa na kanuni ya kukaa kimya juu ya waliyoyaona, na Desemba 1971 baadhi yao wakaungana na waandishi wa jarida la kitabibu mjini Paris kuunda Médecins Sans Frontières, Madaktari Wasio na Mipaka. La pili halina sherehe. Timu ya misaada ya Wakwekari, dhehebu la Kikristo, iliyokuwa Nigeria ilihitaji kuwachagua wagonjwa katika umati mkubwa, bila mizani na bila muda. Derrick Jelliffe, aliyewahi kufundisha Makerere, alikuwa ameeleza katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1966 kwamba mzunguko wa mkono wa juu hubadilika kidogo sana kati ya umri wa mwaka mmoja na mitano. Wakwekari wakatengeneza fimbo yenye alama: mtoto husimamishwa kando yake, na pale utosi unapofika pameandikwa mkono wake unapaswa kuwa na unene gani.

Fimbo ikawa utepe. Mwaka 1974 Adnan Shakir wa Baghdad na David Morley, aliyewahi kuwa daktari wa kijijini Nigeria, walipendekeza utepe wa rangi tatu wenye mipaka ya sentimita 12.5 na 13.5. Ulikatwa hata kwenye filamu za eksirei zilizokwisha tumika. Mama asiyejua kusoma aliweza kuielewa rangi nyekundu. Hata hivyo kwa miaka mingi wataalamu waliudharau utepe wakisema hauna usahihi wa mizani na ubao wa kupimia urefu. Uliruhusiwa kuchambua watu foleni tu, si kuamua nani atibiwe.

Ethiopia ilionyesha gharama ya kuchambua. Oktoba 23, 1984 BBC ilirusha picha za njaa ya Korem, kaskazini mwa nchi, zilizopigwa na Mohamed Amin, mpigapicha Mkenya mzaliwa wa Nairobi, na dunia ikaamka. Huko Mekele muuguzi wa Msalaba Mwekundu, Claire Bertschinger, alipita kila mara katika safu za watoto zaidi ya elfu moja akichagua sitini au sabini wa kuingizwa katika kituo cha kulishia, kwa kuwa chakula kilichokuwapo kiliwatosha hao tu. Waliokwisha dhoofika kupita kiasi waliachwa. Misaada ilipomiminika, serikali ya Ethiopia, chini ya Mengistu, iliitumia kuwavuta watu kwenye mpango wake wa kuwahamisha kwa nguvu kuelekea kusini, na tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilipolisema hilo hadharani lilifukuzwa Desemba 1985. Suala la kusema au kunyamaza lililozaliwa Biafra halijapata jibu moja mpaka leo. Kila timu hulipatia jibu lake, na wanaolipa gharama ni wagonjwa.

Katika kambi za Ethiopia na Sudan ya mashariki ilidhihirika pia kwamba njaa haiui peke yake. Surua ikiingia katika kambi ya watoto waliokonda huwafyeka. Hapa ushahidi mmoja muhimu ulitoka Tanzania. Katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja likapewa vitamini A, yuniti 200,000 siku ya kwanza na kiasi hicho hicho siku ya pili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha vifo vichache kwa waliopewa, hasa walio chini ya miaka miwili. Tangu miaka hiyo tone la vitamini A na chanjo ya surua vimekuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa kufanywa kambi inapofunguliwa, wakati mwingine kabla hata ya mahema kusimama.

Wakati huo huo Iringa ilikuwa ikifuata njia nyingine kabisa. Mpango wa lishe ulioanza huko mwaka 1983, kwa fedha za Italia kupitia UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ulifanya upimaji wa watoto kuwa shughuli ya kijiji. Kila baada ya miezi mitatu watoto wote walio chini ya miaka mitano walipimwa uzito hadharani, na kamati ya kijiji ikakaa kuulizana kwa nini wa nyumba fulani anarudi nyuma: je, ni mama kuwa shambani kutwa, ni maji, ni malaria, ni pombe ya baba? Katika miaka minne hivi idadi ya wenye uzito pungufu katika vijiji vya mwanzo ilishuka kutoka zaidi ya nusu hadi chini ya asilimia 40. Mchoro wa visababishi vya utapiamlo ambao UNICEF iliupitisha mwaka 1990, na ambao bado unafundishwa vyuoni, ulichukua mengi kutoka Iringa.

Mtoto aliyekwisha fika wodini, hata hivyo, aliendelea kufa. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba kuanzia miaka ya 1950 vifo vya utapiamlo mkali hospitalini vilibaki kati ya asilimia 20 na 30 sehemu nyingi, kana kwamba nusu karne ya utafiti haikupita. Sababu yake ilikuwa imeshagunduliwa Jamaica, katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa na John Waterlow, ambako Michael Golden na wenzake walichunguza kwa nini watoto walikufa baada ya kuanza kulishwa. Mwili wenye njaa hupunguza kazi zake zote ili usizimike. Pampu ndogo za kwenye seli, zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu, huzembea, na sodiamu hujaa ndani. Mtoto huyu akipewa ghafla chakula kizito, chumvi nyingi au dripu, sodiamu hurudi kwenye damu kwa mkupuo na moyo dhaifu unashindwa. Madini ya chuma, ambayo kila daktari aliharakisha kuyatoa kwa mtoto mwenye upungufu wa damu, hulisha vijidudu vilivyojificha. Yaani wengi walikufa kwa kutibiwa vizuri kwa mujibu wa vitabu vya wakati ule.

Kutokana na hayo zikatengenezwa aina mbili za maziwa dawa, F-75 na F-100, zilizopewa majina kwa idadi ya kilokalori katika mililita 100. Siku za kwanza mtoto hupewa F-75, isiyo na chuma na yenye protini kidogo, kwa kikombe, kila baada ya saa tatu usiku na mchana. Mtoto wa kilo sita asiyevimba hupata karibu mililita 100 kwa mlo, hazidishwi hata akilia. Hufunikwa asipoe, hupewa maji ya sukari kiwango cha sukari mwilini kikishuka, na antibayotiki hata kama hana homa, kwa sababu mwili uliochoka hauna nguvu ya kutoa homa. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukaanza kupungua, ndipo anahamishiwa F-100. Mapema miaka ya 1990 kampuni ndogo ya Normandy, Nutriset, iliyoanzishwa na Michel Lescanne mwaka 1986, ilianza kuyatengeneza maziwa hayo yakiwa unga ulio tayari kwenye paketi, na timu za dharura zikayabeba. Pale yalipotumiwa kwa uangalifu, vifo vilishuka sana.

Tatizo likabaki kwenye maji na kwenye muda. Maziwa huchanganywa na maji safi yaliyochemshwa, na yakikaa saa chache kwenye joto huharibika; hivyo hayawezi kukabidhiwa mtu aende nayo nyumbani. Mama alipaswa kukaa kituoni wiki tatu au nne. Nyuma yake kulikuwa na watoto wengine, shamba linalosubiri palizi, na mume asiyeelewa. Wengi walitoroka usiku. Waliobaki walilala pamoja kwa mamia kwenye mahema, na kuhara au surua ya mmoja ikawa ya wote.

Mwaka 1996 André Briend, daktari wa watoto wa Kifaransa, pamoja na Lescanne walipata njia ya kuikwepa hali hiyo. Walichukua F-100, wakapunguza sehemu ya maziwa ya unga na kuweka karanga zilizosagwa, wakaongeza mafuta ya mimea, sukari, vitamini na madini. Kilichotoka kilikuwa kama siagi ya karanga, hakina maji kabisa, na bakteria hawazaliani pasipo maji. Paketi yake ina gramu 92 na kilokalori 500. Haipikwi, haichanganywi, na mtoto hung'ata pembe ya paketi akanyonya mwenyewe. Kwa Kiswahili cha kliniki za Tanzania kikaitwa chakula dawa. Katoni moja ya paketi 150 hukaribia kutosha kumponya mtoto mmoja.

Chombo kilikuwapo, ujasiri wa kukitumia ukatoka kwingine. Ethiopia, mwaka 2000, daktari Steve Collins na wenzake walianza kuwatibu watoto wenye utapiamlo mkali bila kuwalaza. Blantyre, Malawi, daktari Mark Manary alianza mwaka 2001 kuwatoa wodini watoto waliokwisha tulia na kuwapa mama zao chakula dawa waende nacho. Wataalamu wengi waliona huo ni uzembe. Mtoto mahututi arudishwe kwenye nyumba ile ile iliyomkondesha? Majibu ya Malawi yalikuwa mazuri kuliko yale ya wodi. Siri ilikuwa katika kipimo kingine rahisi, kile cha hamu ya kula: muuguzi humpa mama paketi, humtazama mtoto akila. Akila vizuri na hana homa wala dalili nyingine mbaya, anaondoka, akikataa, analazwa. Ilionekana kwamba watoto wanne kati ya watano au zaidi hawakuhitaji kitanda.

Niger ikaijaribu tiba hiyo kwa kiwango kikubwa. Baada ya ukame na nzige wa mwaka 2004, bei ya mtama mjini Maradi ilipanda kupita uwezo wa wakulima, na serikali ilichelewa kugawa nafaka bure kwa kuhofia kuvuruga soko. Rais Mamadou Tandja alisema wananchi wake wanaonekana wameshiba. Mwaka 2005 Madaktari Wasio na Mipaka waliwatibu nchini humo watoto zaidi ya 60,000 wenye utapiamlo mkali, sehemu kubwa nyumbani kwao, idadi ambayo hakuna wodi ingeweza kuipokea. Miaka mitatu baadaye serikali hiyo hiyo ilisimamisha kazi za tawi la Ufaransa huko Maradi, kwani takwimu za wagonjwa zilikuwa zimekuwa aibu ya kisiasa. Lakini mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walikuwa wameshatoa tamko la pamoja la kuikubali tiba ya nyumbani, na mwaka 2009 utepe wa mkono, ukiwa na mpaka wa sentimita 11.5, ukapata hadhi ya kuamua nani atibiwe.

Utaratibu huo ndio uliokuwapo njaa ilipotangazwa kusini mwa Somalia Julai 20, 2011. Watu kama 260,000 walikufa, nusu yao watoto walio chini ya miaka mitano. Dadaab, makao ya wakimbizi kaskazini mashariki mwa Kenya, ilifurika mpaka ikapita wakazi 460,000. Waliofika kwenye kambi zake za Ifo, Dagahaley na Hagadera walipimwa mkono langoni na kupewa chakula dawa. Wengi waliokufa hawakufika kwenye lango lolote: wapiganaji wa Al-Shabaab walizuia mashirika mengi kuingia, na sheria za Marekani dhidi ya ugaidi ziliwafanya wafadhili waogope.

Kuhusu chakula dawa chenyewe, ugomvi ulikuwa wa biashara. Hataza iliipa Nutriset nguvu kubwa sokoni, na mashirika mawili ya Marekani yalikwenda mahakamani kuipinga. Viwanda vilivyopewa ruhusa vimefunguliwa Niger, Ethiopia na kwingineko Afrika, ingawa maziwa ya unga na mchanganyiko wa vitamini mara nyingi bado huagizwa kutoka mbali, jambo linalofanya paketi ya Afrika isiwe nafuu kila mara kuliko ya Ufaransa.

Chanzo halisi cha unyafuzi bado hakijakamatwa. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mapacha wa Malawi, jozi 317, kwa miaka mitatu ya kwanza ya maisha. Katika asilimia 43 ya jozi hizo mmoja wa mapacha alipata utapiamlo na mwenzake hakupata, ingawa walilala kitanda kimoja na kula chungu kimoja. Bakteria wa matumboni walionekana kuhusika, lakini si wao peke yao.

Tiba imeendelea kusogea kabla maelezo hayajakamilika. Wilayani Mirriah, huko Niger, shirika la tiba la ALIMA lilithibitisha katikati ya miaka ya 2010 kwamba akina mama wakifundishwa kwa muda mfupi hupima mkono wa mtoto karibu sawa na wahudumu wa afya, tena humleta mapema zaidi kwa sababu hupima mara nyingi zaidi. Ugonjwa wa korona ulipofunga njia mwaka 2020, nchi kadhaa ziligawa tepe majumbani na kumpa mama paketi za wiki mbili au za mwezi mzima kwa mara moja, badala ya kumwita kliniki kila wiki.